Baridi Inasingiziwa: Jinsi Mparachichi wa Kwenye Chungu Unavyovuka Winta

Mwezi Julai mjini Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, watu hulala na mablanketi mawili na usiku kipimajoto huteremka chini ya nyuzi 10. Kuna asubuhi ambazo nyasi za mabondeni huamka nyeupe kwa sakitu. Na bado ni huko huko Nyanda za Juu Kusini ambako Tanzania inalima kwa wingi parachichi la aina ya Hass la kuuza nje, na miti inanawiri. Sasa chukua mche wa parachichi hilo hilo uuweke sebuleni Leeds au Minneapolis mwezi Desemba, ndani ya nyumba iliyopashwa joto hadi nyuzi 21. Ikifika Februari majani yamekauka ncha, nusu yake yamedondoka, na shina limerefuka jembamba likilalia upande wa dirisha. Mwenye mti anawapigia ndugu zake simu na kutangaza kwamba winta imemuulia mparachichi wake, baridi ya huku si mchezo.

Baridi gani? Mti huo umekaa miezi mitatu kwenye joto ambalo Njombe haina usiku wowote wa Julai.

Tatizo ni kwamba kile tunachokiita baridi ya Ulaya au Marekani ni mkusanyiko wa mambo matatu yanayoingia kwa mlango mmoja: giza, udongo unaokaa baridi na umelowa, na hewa kavu ya hita. Ubaridi wenyewe, yaani nyuzi kwenye kipimajoto, mara nyingi ndiyo hatari ndogo kuliko zote kwa mti uliomo ndani. Ukiyatenganisha hayo matatu, utaona kwamba karibu kila ushauri unaopewa na jamaa wa ughaibuni kuhusu mti huu ni sahihi mahali pamoja na ni sumu mahali pengine. "Uweke pa joto" ni ushauri mzuri kwa mti wenye taa, na mbaya kwa mti uliomo gizani. "Ukinyauka umwagilie" ni sahihi Agosti na unaua Januari.

Tuanze na giza, kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote.

Njombe iko nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Hata siku fupi kuliko zote, mwezi Juni, jua linakaa angani zaidi ya saa 11 na nusu, na mchana linapanda juu vya kutosha. London mwishoni mwa Desemba mchana wote hautimizi saa 8. Minneapolis haufiki saa 9, Stockholm ni saa 6 hivi. Na hizo saa chache zenyewe ni za jua lililolala: adhuhuri ya London jua liko nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho, Stockholm kama 7, wakati Dar es Salaam mwezi huo huo liko zaidi ya 70. Ongeza mawingu ya wiki nzima na vioo viwili vya dirisha.

Kwa vipimo, jua la adhuhuri la kiangazi hutoa laksi (kipimo cha mwanga unaoangukia mahali) kama 100,000. Siku ya mawingu ya Desemba kaskazini mwa Ulaya, nje kabisa, unapata elfu chache. Ndani ya nyumba, jani linalokaribia kugusa kioo linaweza kupata elfu moja hivi, na hatua mbili ndani ya chumba zinabaki mia moja au mia mbili. Jicho halikwambii haya, maana mboni hujipanua na ubongo ukasawazisha hesabu, ukaona sebule ina mwanga wa kutosha kusoma gazeti. Kusoma gazeti unaweza. Mti hausomi. Simu nyingi zina kihisi cha mwanga, na programu ya bure ya kupima laksi itakuonyesha jambo ambalo macho yamekuficha.

Sasa hapo ndipo joto linapogeuka kuwa adui. Mwanga ni mshahara wa mti: kwa huo, majani hutengeneza sukari. Kupumua ni matumizi ya nyumbani, na matumizi hayo hayafuati mwanga, yanafuata joto. Kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, kasi ya kupumua kwa mmea huongezeka takriban mara mbili. Mti wa Njombe mwezi Julai una mshahara mnono na matumizi madogo. Mti wa sebuleni mwezi Januari mshahara umekatwa hadi kubaki kiduchu, huku pango limepanda. Unakula akiba ya wanga iliyomo kwenye shina na mizizi, na ikipungua unaanza kupunguza majani. Kabla ya hapo utajaribu kukimbia: utarefusha shina haraka kuelekea dirishani, majani mapya madogo na yamepauka, pingili ndefu. Watu hufurahia kuona mti "unakua hata winta". Ukuaji huo ni wa njaa.

Kwa hiyo kanuni ninayoishikilia ni moja: joto lilingane na mwanga. Kuna njia mbili za kuitekeleza, na zote ni halali. Ama upandishe mwanga ufikie joto la sebule, ama ushushe joto lifikie mwanga wa dirisha. Kinachoshindikana ni kuchanganya sebule ya moto na dirisha la giza.

Njia ya kwanza ni taa. Hakuna haja ya zile za rangi ya zambarau zinazofanya nyumba ifanane na klabu ya usiku. Taa nyeupe za LED zinatosha, maana mwanga mweupe unabeba rangi zote ambazo jani linazitumia. Cha maana zaidi ni umbali. Taa ikisogea kutoka sentimita 60 hadi 30, mwanga unaofika kwenye jani unakaribia kuongezeka mara nne, kwa hiyo taa ya dari iliyo mita moja na nusu juu ya mti ni pambo tu. Ishushe hadi sentimita 30 hivi juu ya kilele, iwashe saa 12 hadi 14 kwa siku kwa swichi ya saa, na usiku uuachie mti giza lake. Taa ya wati 30 ikiwaka saa 12 kila siku inakula kama yuniti 11 za umeme kwa mwezi. Watu wanaopiga kelele kuhusu gharama hiyo ndio hao hao wanaoacha televisheni inajiongelesha yenyewe.

Njia ya pili ni chumba cha baridi chenye dirisha zuri: kibaraza cha vioo kisicho na hita, ngazi za jengo zenye dirisha kubwa, chumba cha wageni ambacho hita yake imefungwa. Nyuzi 10 hadi 15 ni mahali pazuri kabisa. Mti hautakua, wala hutakiwi kutaka ukue. Utakaa umetulia mpaka Machi. Hapo dirisha la kuchagua ni la kusini. Sisi tuliokulia karibu na ikweta hatukulelewa kuulizana dirisha limeelekea wapi, kwa sababu kwetu jua hupita juu ya paa na kumgawia kila mtu. Kaskazini mwa dunia, winta nzima jua hupita upande wa kusini tu. Faida yake ni kwamba kwa kuwa liko chini, miale inaingia ndani ya chumba kwa kina badala ya kuishia kwenye ukingo wa dirisha. Hasara ni kwamba jengo la jirani linaweza kulikinga kuanzia Novemba hadi Februari bila wewe kugundua. Simama dirishani adhuhuri uangalie.

Dirisha lina mtego wake mwingine, nao ni pazia. Jioni unafunga pazia kutunza joto la chumba, na mti unabaki kati ya pazia na kioo, katika mfuko wa hewa baridi kuliko chumba chote, majani mengine yakigusa kioo chenyewe. Asubuhi yale yaliyogusa yana mabaka meusi. Ama uuvute mti upande wa chumbani kabla ya kufunga, ama pazia la dirisha hilo libaki wazi.

Hilo ni la juu ya udongo. Lakini miparachichi mingi ya kwenye vyungu hufia chini, na huko ndiko ningetaka msomaji akae nami zaidi.

Asili ya mti huu ni misitu ya Meksiko na Amerika ya Kati, kwenye udongo unaopitisha maji upesi, uliofunikwa tabaka nene la majani yaliyooza. Mizizi yake inayonyonya hukaa juu juu, ndani ya sentimita 15 hadi 30 za kwanza, na ina vinywele vichache mno ukilinganisha na miti mingine. Badala ya vinywele inategemea ncha nyingi laini, na ncha hizo zinataka hewa. Mzizi unapumua. Maji yakijaza kila tundu la udongo, unakosa oksijeni, unakufa, na mzizi uliokufa ni karamu kwa Phytophthora cinnamomi, kiumbe kinachofanana na ukungu ambacho ndicho adui mkubwa wa maparachichi duniani. Mti mama wa Hass, uliopandwa na Rudolph Hass huko La Habra Heights, California, katika miaka ya 1920 na kupewa hataza mwaka 1935, haukuuawa na baridi wala ukame. Ulikufa mwaka 2002 kwa kuoza mizizi, baada ya kuuguzwa miaka mingi. Kama mti maarufu kuliko yote ulishindwa na ugonjwa huo chini ya jua la California, mche wako kwenye ndoo iliyotuama maji hauna kinga.

Sasa tazama kinachotokea Januari. Udongo wa chungu kilichokaa juu ya vigae vya sakafu au kwenye ukingo wa dirisha unaweza kuwa na nyuzi 12 wakati wewe uliye kwenye kochi unahisi 21. Chini ya takriban nyuzi 13, mizizi ya mparachichi karibu inaacha kufanya kazi: haikui, na inavuta maji kwa shida. Siku moja mawingu yanafunguka, jua la kusini linapiga majani kupitia kioo, majani yanapata joto na kuanza kutoa mvuke. Juu panadai maji, chini hapawezi kutoa. Majani yanalegea na kuning'inia.

Mwenye mti anaona kiu. Anamwagilia. Udongo ambao tayari ulikuwa na maji, ila baridi, sasa umejaa kabisa. Mizizi michache iliyobaki inakosa hewa na kuanza kuoza, kwa hiyo kesho mti unalegea zaidi, na kesho kutwa anamwagilia tena kwa huruma. Baada ya wiki mbili anapiga ile simu ya msiba. Huu ndio mzunguko unaoua miparachichi ya ndani, na ukatili wake ni kwamba dalili ya mti uliozama ni sawasawa na dalili ya mti wenye kiu.

Namna ya kuutofautisha ni mkono, si jicho. Ingiza kidole sentimita 5 ndani ya udongo. Bora zaidi, zoea kunyanyua chungu: kinyanyue kikiwa kimetoka kumwagiliwa, kinyanyue kikiwa kimekauka, mikono ijifunze tofauti. Chungu kizito chenye majani yaliyolegea hakitaki maji, kinataka joto kwenye mizizi. Kiinue kutoka sakafuni kwa kipande cha ubao au cha povu la kufungashia vyombo vya umeme, kisogeze kutoka kwenye jua kali kwa siku mbili tatu, subiri. Vinzi vidogo vyeusi vinavyoruka kutoka udongoni ukigusa chungu navyo ni ushahidi: vinazaliana kwenye udongo usiokauka.

Wakati wa kumwagilia ukifika, na katika chumba cha baridi unaweza kuchukua wiki mbili au tatu kufika, mwaga maji ya vuguvugu hafifu mpaka yatoke chini, kisha mwaga yaliyotuama kwenye kisahani. Usiwe na tabia ya kikombe kidogo kila asubuhi. Kinalowesha juu na kuacha chumvi. Udongo wenyewe uwe mwepesi: theluthi moja au zaidi iwe perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za madini), kokoto za volkano au vipande vya magome, na iliyobaki mboji. Na chungu kisiwe kikubwa kuliko mahitaji. Mche mdogo kwenye ndoo ya lita 30 umezungukwa na udongo ambao hakuna mzizi wa kuunywa, na udongo huo utakaa umelowa winta nzima. Nyumbani tunapanda mche shambani na ardhi yote ni yake, kwa hiyo mazoea yanatusukuma kuupa nafasi. Kwenye chungu nafasi tupu ni dimbwi.

Chumvi nayo ina sura yake. Parachichi ni miongoni mwa miti ya matunda inayochukia chumvi kuliko mingine, hasa kloraidi. Ncha za majani zinazokauka rangi ya kahawia, kisha ukavu ukashuka kingoni pande zote mbili, mara nyingi ni chumvi iliyojikusanya, ingawa watu husema ni hewa kavu. Mbolea inayotolewa wakati mti umelala ndiyo chanzo cha kwanza: hakuna ukuaji wa kuitumia, basi inabaki. Acha mbolea kuanzia Oktoba mpaka uone machipukizi yenye nguvu. Chanzo cha pili ni bomba. Maji ya London na kusini-mashariki mwa Uingereza ni magumu, yamejaa chokaa. Polepole yanaupunguzia udongo asidi, yaani pH yake inapanda, mti unashindwa kuchukua chuma, na majani machanga yanakuwa ya manjano huku mishipa ikibaki kijani. Nyumba zenye mashine ya kulainisha maji kwa chumvi ni mbaya zaidi, maana mashine hiyo hubadilisha chokaa kwa sodiamu. Maji ya mvua ndiyo dawa, na kwa anayeishi Minnesota au Sweden kuna hazina iliyolala uani: theluji iliyoyeyushwa ni maji yasiyo na chumvi karibu kabisa. Ichote mbali na barabara na njia za miguu zilizomwagwa chumvi, iache ndani mpaka maji yafikie joto la chumba. Mara moja kwa winta, siku yenye jua, pitisha maji hayo mengi kwenye chungu yasombe kilichojikusanya.

Kuhusu hewa sitakawia. Hewa ya nje yenye nyuzi 10 chini ya sifuri, hata ikiwa na unyevu wa asilimia 80, ukiiingiza ndani na kuipasha hadi nyuzi 21 bila kuiongezea maji, unyevuhewa wake unashuka hadi karibu asilimia 10. Kupika kwetu, kuoga na kupumua kunaupandisha hadi 20 au 30 hivi. Mti utavumilia, lakini utitiri utasherehekea. Hao ni wadudu wadogo kuliko ncha ya sindano, wanaopenda joto na ukavu. Wanafyonza chini ya jani mpaka juu panakuwa na vidoa vidogo vya manjano, na wakizidi wanafuma utando mwembamba kwenye vikonyo. Mulika chini ya majani kwa tochi ya simu kila wiki. Kinga yao ni bafu: funga mdomo wa chungu kwa mfuko wa plastiki ili udongo usilowe, laza mti kwenye beseni la kuogea, uoshe majani juu na chini kwa maji ya vuguvugu. Vidugamba na vidungata, wadudu wengine wafyonzaji wanaong'ang'ania shina, huondolewa kwa pamba yenye spiriti. Kupulizia maji kwa chupa asubuhi ni jambo la kumpa mwenye mti raha. Unyevu wake unatoweka ndani ya dakika chache. Na mti usikae juu ya hita ya ukutani. Nyumba nyingi za Uingereza zimewekewa hita chini ya dirisha, yaani mahali pekee penye mwanga ndipo penye upepo wa jangwa. Ubao mpana unaotokeza juu ya hita husukuma hewa hiyo pembeni.

Majani yakidondoka mwishoni mwa winta, usiandae matanga haraka. Jani la mparachichi huishi takriban mwaka, na mti wenye afya hubadilisha mengi yake kwa pamoja karibu na machipukizi ya mwaka mpya. Kwaruza gome kwa ukucha: kama chini ni kijani na kuna unyevu, mti upo. Kama ncha imekauka kahawia, shuka kwaruzo kwa kwaruzo mpaka ufike kijani, ukate hapo, lakini ukate mwishoni mwa Februari au Machi. Kukata Novemba kunauamsha mti utoe machipukizi wakati ambao hauna cha kuyalisha.

Watakaochagua chumba cha baridi wana zawadi moja ambayo wa sebuleni hawaipati. Ili mparachichi wa aina kama Hass au Fuerte utengeneze maua, unahitaji majuma ya ubaridi. Ukikaa kwenye nyuzi 25 mchana na 20 usiku bila kushuka, unaendelea kutoa majani tu. Ubaridi wa Julai wa Njombe na Rungwe ndio unaoandaa maua ya kule. Kwa hiyo mtu anayeukinga mti wake dhidi ya kila upepo wa baridi kwa miaka kumi, halafu akalalamika hautoi ua, ameukosesha kitu ambacho ulikuwa unakingoja.

Hapo tusidanganyane kuhusu mbegu. Kokwa uliyoitoa kwenye parachichi la supamaketi, hata kama lilitoka Murang'a na unajisikia kama umepanda kwenu, haitazaa tunda kama la mama yake, na mara nyingi huchukua miaka mitano hadi zaidi ya kumi kabla ya kuchanua, kama utachanua. Kwa jani na kivuli, mbegu inatosha. Anayetaka tunda atafute mche uliobebeshwa, yaani ulioungwa kikonyo cha mti wa aina inayojulikana. Huweza kuchanua ukiwa na miaka mitatu au minne, na ipo aina ya Wurtz ambayo haikui sana na imekuwa kipenzi cha watu wa vyungu. Usijaribu kuleta mche kutoka nyumbani kwenye begi. Umoja wa Ulaya unataka cheti cha afya ya mimea kwa miche yote, na hata tunda la parachichi kwenye mzigo wa abiria linahitaji cheti hicho.

Maua yakija, kila ua hufunguka mara mbili: mara ya kwanza likiwa jike, linajifunga, kisha linafunguka tena likiwa dume. Hass hufunguka jike asubuhi na dume mchana wa siku inayofuata. Fuerte ni kinyume chake. Ndani hakuna nyuki, basi ni kazi ya brashi laini ya rangi. Habari njema ni kwamba ubaridi huvuruga saa hiyo, na mti mmoja unaweza kuwa na maua jike na dume kwa wakati mmoja. Habari nyingine ni kwamba hata shambani, katika maua elfu mara nyingi halishiki hata tunda moja. Kwenye chungu, matunda mawili ni sababu ya kualika majirani.

Swali linalobaki ni la wale wanaotaka kuuacha nje kabisa. Hapo ndipo baridi yenyewe inapopata haki ya kulaumiwa, na hapo ukoo wa mti unahesabika. Maparachichi yana koo tatu. Zile za nyanda za chini, zenye matunda makubwa yenye maji mengi na mafuta kidogo, zinazopenda hali ya mwambao, huumia mara tu kipimajoto kikigusa nyuzi moja au mbili chini ya sifuri. Za milima ya Guatemala, ambako Hass amerithi sehemu ya damu yake, huvumilia kidogo zaidi. Za nyanda za juu za Meksiko, ambazo majani yake yakisuguliwa hutoa harufu tamu ya viungo, mti mkubwa unaweza kustahimili hadi nyuzi 6 chini ya sifuri. Mexicola ni wa ukoo huo. Fuerte ni chotara wa Meksiko na Guatemala. Vikonyo vyake vya kubebeshea vililetwa California kutoka Atlixco, Meksiko, mwaka 1911, na baridi kuu ya mwaka 1913 ilipoua miche mingine, huo ulisimama, ukapewa jina hilo la mwenye nguvu.

Lakini namba hizo zote ni za mti mkubwa uliopandwa ardhini. Ardhi ni kubwa na inatunza joto. Sakitu inaganda juu huku mizizi ikiwa salama. Chungu kinapigwa na baridi pande zote, na usiku mmoja wa nyuzi 4 chini ya sifuri unaweza kukigandisha mpaka katikati. Kwa hiyo aina inayosemwa huvumilia nyuzi 6 chini, kwenye chungu ichukulie kama inavumilia moja au mbili, kwa usiku mmoja, si kwa wiki. Mwenye kibaraza cha vioo ajue pia kwamba usiku hatari ni ule wa nyota nyingi bila upepo, maana joto hupaa kwenda angani bila wingu la kulirudisha. Shuka jepesi juu ya majani na gunia au povu kuzunguka chungu huokoa nyuzi mbili tatu. Plastiki inayogusa majani haiokoi kitu.

Machi mwanga unaporudi, rudisha mbolea kidogo kidogo, ongeza maji kadiri chungu kinavyowahi kuwa chepesi, na uvumilie. Kosa la mwisho hufanyika siku ya kwanza ya jua la Mei, mti unapotolewa nje moja kwa moja. Majani yaliyotengenezwa kwenye laksi elfu moja hayana ngozi ya kukabili laksi elfu themanini. Yanababuka kwa saa chache, yanakuwa meupe kisha kahawia, na hayaponi. Anza na kivuli kizito, saa moja mbili kwa siku, halafu jua la asubuhi, na uufikishe kwenye jua kamili baada ya wiki mbili. Kipimo cha kuuacha nje moja kwa moja ni usiku, si mchana: subiri usiku usioshuka chini ya nyuzi 10 kwa wiki nzima. London na Minneapolis hilo kwa kawaida ni mwishoni mwa Mei au Juni, Stockholm ni Juni. Kubadilisha chungu, kama mizizi imeanza kuchungulia matundu ya chini, kufanyike wakati huo huo, udongo ukiwa na joto.